Washa Mashine, Mama

Mimi naringa. Nasema mapema, ili asiyependa watu wanaoringa aende zake akatafute hadithi nyingine. Binti yangu anapiga gitaa la umeme na kuimba muziki wa roki nchi za watu, watu wanakata tiketi kwenda kumwona, na mimi ndiye niliyemzaa. Siku hizi nikikutana na yule jirani aliyekuwa akija kunigongea mlango kulalamika, naanza mimi kumsalimia, tena kwa sauti, nione kama atathubutu kuondoka bila kuuliza habari za mtoto.

Jina langu watu walishalisahau. Wananiita Mama Mashine kwa sababu nina mashine ya kusaga nafaka, ya dizeli, kuukuu, niliyoachiwa na marehemu mume wangu pamoja na watoto watatu na mkanda uliokatika. Mkanda nilibadilisha, watoto nikawalea. Kitinda mimba ndiye huyu mwanamuziki. Chumba chake kilipakana ukuta na mashine, akajifunza kuongea huku inanguruma, ndiyo maana mpaka leo hajui kunong'ona. Akikuambia siri, mtaa mzima unaipata. Shuleni walimpachika jina la Kelele, wakidhani wanamtukana. Sasa hilo jina linaandikwa kwa taa juu ya milango ya kumbi.

Gitaa alipewa na mjomba wake, kaka yangu mkubwa, aliyewahi kupiga katika bendi ya harusi kabla mgongo haujamkatalia. Alimwonyesha vidole vinakaa wapi, kisha akamwonyesha jinsi ya kukaza nyuzi.

"Huu mnene ndio baba mwenye nyumba," alimwambia. "Ukishamweka yeye mahali pake, wengine wote wanapatana naye."

Mtoto akauliza, "Na baba mwenye nyumba anapatana na nani?"

Kaka yangu akakuna kichwa. Bendini kwao walipatana na kinanda, na hapa hapakuwa na kinanda. "Na yeyote aliyepo," akasema, akaenda kunywa chai.

Aliyekuwepo ni mashine.

Lazima nieleze kidogo, maana wengi mmezoea unga wa pakiti. Mashine ikizunguka tupu hupiga ukelele mwembamba wa kuudhi, nyundo zake zinakata hewa bure. Ukiimiminia mahindi, sauti inashuka, inanenepa, inatulia kwenye mvumo mmoja. Hapo tunasema imeshiba. Mimi kwa sauti ile naweza kuwa jikoni naosha vyombo na nikajua mahindi ya mteja yanakaribia kwisha. Basi Kelele alikuwa anakaa kitandani, mgongo ameuegemeza ukutani, anakaza na kulegeza ule uzi mnene mpaka uache kugombana na ukuta. Ukishapatana, anaweka na nyingine. Hivyo ndivyo alivyojifunza, na sisi sote tuliona ni sawa. Nani angetuambia si sawa?

Ila kitu kimoja tulikijua bila kukijua. Redio hatukuiwasha mashine ikisaga. Si kwa sababu haikusikika, tulikuwa nayo kubwa tu. Ni kwamba kila wimbo ulikuwa kama unabishana na mashine, meno yanakufa ganzi, na wateja walikuwa wanasema, "Mama Mashine, zima kimoja."

Alipoondoka kwenda ng'ambo hakwenda kuimba. Alikwenda kufua mashuka ya hospitali. Jioni alipiga gitaa katika baa moja iliyoko chini ya ardhi, watu wamempa mgongo wanakunywa. Siku moja alinipigia simu, furaha imempanda mpaka simu inakwaruza.

"Mama, leo mmoja aligeuka!"

"Alitaka nini?"

"Alitaka kupita kwenda chooni. Lakini alisimama mpaka wimbo ukaisha."

Nilicheka mpaka mteja akadhani nimepata wazimu. Lakini nilikwenda kuwaambia watu. Niliwaambia kuwa mwanangu anapiga gitaa mpaka watu wanasahau kwenda chooni.

Kutoka kwa huyo mmoja wakawa wengi. Akapata mpiga ngoma, mwanamke wa miraba minne ambaye mchana hutengeneza breki za magari, na mpiga besi, kijana mwembamba asiyesema neno, hata akiulizwa jina huwa kama anafikiria kwanza. Wakawa bendi. Wakazunguka miji kwa gari bovu, mpiga ngoma akilitengeneza njiani. Mashuka hakuyaacha. Alifua asubuhi, akaimba jioni, miaka ikaenda. Kisha siku moja akanitumia tiketi ya ndege.

"Mama, tumepata ukumbi mkubwa. Tunatangulia kupiga kabla ya bendi yenye jina. Na kuna prodyuza wa kampuni ya kurekodi anakuja kutusikiliza. Akitupa mkataba, naaga mashuka. Nataka uwepo."

Mashine nilimwachia binti yangu mkubwa, nikamwambia akiichezea nitajua.

Chumba anachoishi Kelele kiko juu ya duka la matairi. Kitanda, jiko la kupikia la sahani moja, gitaa ukutani mahali ambapo watu wengine hutundika picha. Harufu ya mpira inapanda mpaka kwenye shuka. Nilikagua kila kona kama mama mkwe, sikuona pa kulaumu, nikaudhika kidogo. Halafu akanipa chai na nikaona mikono yake. Kiganja kimekuwa chekundu, ngozi ya vifundo imepasuka kwa dawa za kufulia, na ncha za vidole vya kushoto zimekuwa sugu kwa nyuzi. Nilishika ile mikono nikaigeuza huku na huku. Nilijivunia sugu, na ngozi iliyopasuka ilinichoma.

"Mkataba huo," nikamwambia, "unaupata kwa nguvu zote. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kesho yake alinipeleka kwenye chumba cha mazoezi. Kuta zimevikwa mazulia ya zamani, nyaya zimetambaa sakafuni, na juu ya spika kuna kikombe ambacho chai yake imeota ukungu. Mpiga ngoma alinikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu, akaniita "Mama Mashine" moja kwa moja, akidhani ndilo jina langu la ukoo. Prodyuza alikuwa ameshafika. Mtu mzima, mvi za adabu, alisimama akanipa kiti chake. Nilimpenda hapo hapo.

Walipiga wimbo mmoja. Wakapiga wa pili. Nywele zilinisimama. Yule prodyuza alikuwa anatikisa kichwa kwa raha, lakini kati ya nyimbo alitoa mfukoni kidude kidogo chenye kioo, akakibana kwenye gitaa la Kelele. Uzi ukipigwa, mshale unacheza. Ukiwa sawa, taa ya kijani inawaka. Kelele akapiga uzi mnene. Mshale ukaenda ukasimama katikati ya alama mbili, taa haikuwaka. Akapiga tena, mshale pale pale.

Wakaongea kwa lugha yao, Kelele akawa ananitafsiria. "Anasema nyimbo anazipenda. Ila sauti yetu inakaa katikati ya sauti mbili, si hii, si ile. Wimbo wetu ukipigwa redioni baada ya wimbo wa mwingine, watu watadhani umeharibika. Anataka tukaze kidogo tu. Tukikubali, anatuchukua."

"Kidogo kiasi gani?"

Akanionyesha, nusu ya ukucha.

"Sasa tatizo liko wapi?"

Kabla hajanijibu, prodyuza akamuuliza kitu. Kelele akacheka, akaninyooshea kidole, akaanza kueleza. Nilitambua kwa mikono yake: ukuta, mashine, mahindi, uzi. Mpiga ngoma akajipiga paja kwa kicheko. Hata yule bubu wa besi alitabasamu. Prodyuza akanitazama kwa mshangao mwema kabisa, hakuwa na dharau hata chembe.

Mimi sikucheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yaani mtoto amevuka bahari na kosa langu begani? Miaka yote ile alikuwa anapatana na injini ya dizeli, na mimi jikoni nasema mwanangu ana kipaji!

Tuliporudi juu ya matairi nilimkalia kooni. "Rekebisha. Mtu anayejua kazi yake akikuambia uzi umekaa vibaya, unaukaza."

"Mama, tumeshajaribu. Tukikaza, naimba kila kitu sawasawa, na sauti inakuwa ya mtu mwingine."

"Basi kuwa mtu mwingine mpaka usaini!"

"Na nikishasaini?"

"Ukishasaini utakuwa na losheni ya mikono."

Alicheka bila kutaka. Kisha akanyamaza, na Kelele akinyamaza ujue kuna jambo. "Ukiniambia tena nikaze, nitakaza," akasema. "Sitaki kubishana na wewe jukwaani."

Nilimwambia tena. Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukuta, akalala. Lakini asubuhi nilimwona ameshika gitaa hajalikaza, ameliegemeza shavu tu, na sikumuuliza.

Ukumbi tuliokwenda jioni hiyo ulikuwa mkubwa kuliko soko letu. Walituweka chumba cha nyuma chenye kioo kilichozungukwa na taa, na magitaa yakabaki jukwaani yamesimama kwenye vishikio vyake. Sasa pale ukumbini kuna fundi ambaye kazi yake ni kupita kukagua kila kitu kabla ya onyesho. Anaangalia nyaya, anafuta vumbi, na gitaa lolote analolikuta kwenye kishikio analikaza nyuzi kwa kile kidude mpaka taa ya kijani iwake. Ni kazi yake na anaifanya vizuri. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna gitaa moja lisiloguswa. Nani anawaza kumwambia fundi kitu kama hicho? Sisi tulikuwa tunakula biskuti.

Mimi nikawekwa pembeni ya jukwaa nyuma ya pazia, na mkoba wangu mapajani. Prodyuza alisimama karibu yangu, akaniinamia kwa salamu. Taa zikazimika, zikawaka, na Kelele akatoka. Alikuwa amevaa fulana yake nyeusi ya kila siku. Watu walipiga makofi ya heshima, yale ya kumpigia usiyemjua. Akainua mkono, akazipiga nyuzi zote kwa mara moja.

Sijui muziki. Lakini nilijua kabla mkono wake haujashuka. Mashine tupu. Sauti ilitoka safi, nyembamba, imenyooka, na ndani yake hamna punje.

Mpiga besi aligeuka akamtazama. Kelele aliangalia gitaa lake, akaelewa. Karibu yangu prodyuza naye alielewa kivyake. Alidhani mtoto amekubali ushauri, akatabasamu, akanionyesha dole gumba. Na kweli, kila kitu kilikuwa kimejiweka chenyewe. Uzi umekazwa bila yeye kuukaza. Alichotakiwa ni kuimba tu, asaini, anunue losheni. Nikasema moyoni, piga, mwanangu, piga hivyo hivyo, Mungu amekurahisishia.

Kelele akaweka kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza. Ukumbi ukanyamaza. Mtu mmoja kule nyuma akapiga mluzi. Mwanangu akasogea kwenye maikrofoni, akasema maneno machache kwa lugha yao, kisha akageuka upande wangu, na mbele ya watu wote wale akapaza sauti kwa lugha yetu.

"Mama! Washa mashine!"

Nikaukumbatia mkoba wangu. Nilielewa anataka nini, wala usidhani sikuelewa. Nikinyamaza, hana la kufanya, ataimba hivyo hivyo na mkataba ni wake. Ndivyo nilivyomwambia mwenyewe, mara mbili. Nilimtazama prodyuza, tabasamu lake lilikuwa limesimama njiani. Nikaitazama mikono ya mwanangu juu ya gitaa.

Hapo hasira zikanipanda. Hivi ninayoionea aibu ni mashine ipi? Ile iliyolisha watoto watatu bila baba? Ile ambayo majirani walinuna kwa kelele zake lakini unga wake walikula? Na naionea aibu mbele ya nani, kidude cha mfukoni?

Nikatoka na mkoba wangu mkononi. Taa zilinipiga usoni, sikuona mtu, niliona giza tu linalopumua. Kelele akanishushia maikrofoni. Nikafunga macho, nikaanza kuvuma.

Ilitoka vibaya. Woga uliifanya nyembamba, ikapanda juu juu. Kelele akaniinamia.

"Mama," akasema, na maikrofoni ikachukua kila neno, "mimina mahindi."

Watu hawakuelewa lakini walicheka, maana nilimkata jicho ambalo halihitaji mkalimani. Nikavuta pumzi mpaka chini ya mshipi. Nikaifikiria asubuhi, debe la kwanza la mteja wa kwanza, mkanda ukishika kasi, vumbi jeupe likinyanyuka. Sauti ikashuka, ikanenepa, ikatulia. Mmmmmm. Niliisikia ikitoka kwenye maspika yale makubwa ikitetemesha sakafu, na nikasema, ndiyo, imeshiba.

Kelele akapiga uzi mnene, akaulegeza. Uligombana na mimi kidogo, ugomvi ukapungua, kisha ukaisha. Akapanda wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, watu kimya kama wanamwangalia mtu anapita juu ya kamba. Mpiga besi naye akashuka akatufuata. Mpiga ngoma, ambaye ngoma zake hazidai kitu, akaanza kupiga taratibu kwa mguu ule mdundo wa injini inayowaka. Wakaingia pamoja. Nami nilikuwa bado navuma, nimesahau kuacha.

Kuhusu kuimba kwake sitasema mengi, mtasema mama huyo. Nitasema hivi tu. Watu walikuja kwa ajili ya bendi yenye jina, na bendi yenye jina ilipotoka nyuma ya pazia ilisimama pembeni na vikombe vyao mkononi, ikasikiliza mpaka mwisho. Chooni hakwenda mtu.

Baadaye yule fundi alikuja chumba cha nyuma kuomba radhi, karibu alie. Nikamwambia, na Kelele akamtafsiria, kwamba hajakosa. Mimi pia ningekuta mashine ya mtu imelegea ningeikaza. Kisha akaingia prodyuza. Alinishika mkono mimi kwanza, ndipo akaongea na mwanangu, kwa muda mrefu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema redio bado zinamtia hofu."

"Na nini kingine?"

"Anasema siku ya kurekodi yeye mwenyewe atasimama mlangoni, mtu asije akaugusa ule uzi."

Nikakaa chini. Sikulia, ni zile taa za kwenye kioo, zina moto. Nilipotulia nikakumbuka jambo, nikamgeukia yule mtoto.

"Wewe. Ile sauti unaijua hata usingizini. Asubuhi tu nimekuona nayo shavuni. Ungeweza kuulegeza uzi mwenyewe bila kunitoa nje na mkoba."

"Ningeweza."

"Sasa uliniitia nini? Na uliwaambia nini wale watu kabla hujaniita?"

Akanifungia kitufe cha gauni kilichokuwa kimefunguka, sijui tangu saa ngapi.

"Niliwaambia kuna mtu ninayepatana naye," akasema. "Na leo yupo."

Nimerudi kwenye kazi yangu. Mashuka sasa anafua mwingine, na mikono ya mwanangu imepona. Wiki iliyopita nilikuwa nasaga, mashine imeshiba vizuri, nikawasha redio nikaiongeza mpaka mwisho. Kuna mteja mgeni aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake akaziba masikio mapema, mdomo tayari kusema nizime kimoja. Kisha akaondoa mikono taratibu. Aliangalia redio, akaangalia mashine, akaangalia redio tena.

"Mama, mbona vinaimba pamoja?" akauliza. "Ni nani huyo?"

Nikamwambia akae vizuri, maana unga wake hautoki hapa mpaka nimalize kumweleza.